Sura ya Tisa: Bango la Jumamosi

"Usiingie," Pezi alisema.

Magamba hakuinua uso. Alikuwa anakata ngisi, na ngisi hataki mtu mwenye mawazo mawili. Ukizubaa unajikata kidole ukamlisha papa. Alikata vipande vitatu zaidi, akavitupia kwenye ndoo, ndipo akageuka.

"Nisiingie wapi?"

"Kesho. Kwenye tangi kubwa. Mwambie Mama Mapovu hujisikii vizuri."

"Lakini najisikia vizuri."

"Magamba..."

"Najisikia vizuri kuliko siku zote tangu nizaliwe, Pezi. Na wewe badala ya kunipongeza unanijia na sura ya msiba."

Jiko lile lilikuwa nyuma ya nyumba ya samaki, upande ambao wageni hawafiki. Wageni waliingia kwa mlango wa mbele, wakapita vyumba vya giza vyenye samaki ukutani, wakaishia kwenye tangi kubwa, lenye kina cha mita sita na kioo kirefu kuliko basi. Huku nyuma kulikuwa na majokofu, meza za chuma, visu, na Magamba. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hilo jingine alipewa na Pezi, miezi minane iliyopita, siku alipomsogelea, akambandua gamba la samaki kwenye nyusi kwa ncha ya kidole, akaliinua kwenye mwanga na kusema, "Wengine wanajipaka poda, wewe unajipaka magamba." Mwanamke mwenye akili zake angemrushia ndoo. Magamba alicheka, na cheko lile ndilo lililomponza.

Pezi alikuwa mkuu wa wapiga mbizi. Akiwa majini, ungesema alizaliwa na mapezi. Akiwa nchi kavu alikuwa na mdomo mtamu, na huo nao ulimtosha kuogelea.

Ni yeye aliyempa Magamba hamu ya kuingia majini, na ni yeye aliyemtia woga. Siku ya somo la kwanza, kwenye bwawa dogo la mazoezi, Magamba alipiga magoti chini, mtungi mgongoni, nyonyo mdomoni. Nyonyo ndivyo walivyokiita kile cha kung'ata kinacholeta hewa. Kila kitu kilikuwa shwari. Kisha Pezi, mbele ya wenzake, akamnyang'anya miwani. Miwani ya mbizi si ya kusomea. Inafunika macho na pua pamoja, na ikitoka, maji yanaingia puani bila hodi. Magamba akavuta pumzi kwa pua. Alipanda juu akikwaruza ukuta, akatapika ukingoni, akakuta watu wanacheka, na anayecheka kuliko wote ni mpenzi wake.

"Ndivyo nilivyofundishwa na mimi," Pezi alimwambia, akimpangusa. "Bora uzoee mapema."

Hakuzoea. Tangu siku hiyo hakuweza hata kunawa uso kwa kiganja. Alijifuta kwa kitambaa kibichi. Na bado alimpenda. Tena alimtetea mbele ya shangazi yake kwamba amefanya vile kwa kumtakia mema. Mapenzi hayakosi mawakili wa bure.

Aliyemtoa kwenye woga ule alikuwa Mama Mapovu, mwalimu wa mbizi, mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwenye sauti ya kukwaruza na asiyejua kubembeleza. Alimwanzishia kwenye beseni.

"Tia uso humo. Vuta kwa huo mrija wa mdomoni. Pua iache."

"Pua inavuta yenyewe, Mama."

"Pua haina akili. Pua ni mlango wa kutokea, si wa kuingilia. Rudia."

"Pua ni mlango wa kutokea..."

"Sikusema urudie maneno. Rudisha uso ndani ya beseni."

Wiki sita. Beseni, kisha bomba la kuogea, kisha bwawa dogo akiwa amesimama, kisha magotini. Miwani imejaa maji robo, nusu, pomoni. Kisha miwani mkononi, macho yamefumbwa, hesabu kumi. Hesabu ishirini. Siku alipofika sitini alitoka majini akalia mpaka Mama Mapovu akamwambia aache kujaza bwawa.

Na kesho ilikuwa Jumamosi ya bango. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mwanamume akitaka kumposa mwenzake, huweka miadi kwa mkurugenzi. Siku ikifika, wawili wanasimama mbele ya tangi kubwa, pazia linafunguliwa, na nyuma ya kioo yupo mpiga mbizi ameshika bango: Je, utakubali kuwa mke wangu? Mkurugenzi alikuwa na masharti mawili. La kwanza, anayeshika bango haambiwi ni la nani, kwa sababu mwaka mmoja siri ilivuja hata pete haijapatikana. La pili, lazima avue miwani na atabasamu, maana mtu mwenye miwani ya mbizi akisimama nyuma ya wachumba, picha yote inakuwa kama ya mwizi wa benki. Kwa hiyo pale, kuvua miwani ndio ulikuwa mtihani wa kazi. Aliyeshindwa kuvua hakuandikwa mpiga mbizi. Alibaki jikoni na kisu chake.

"Mwenye zamu masikio yanamuuma, wewe umeomba ruhusa," Magamba alisema. "Nani mwingine ashike bango? Mama Mapovu ndiye mlinzi wangu, hawezi kufanya yote mawili."

"Bango linaweza kusubiri."

"Mtu wa watu aahirishe kuposa kwa sababu mimi nina mafua ya uongo?"

Pezi alishika ukingo wa meza ya chuma. Alikuwa amekonda kidogo wiki zile, na Magamba aliona kwamba kukonda kulimpendeza, hata hilo.

"Bado hujaiva," alisema. "Utaogopa."

"Nimekaa hesabu sitini, Pezi."

"Bwawani. Kule kuna papa. Kuna watu wanakutazama."

"Ndiyo nataka wanitazame!" Alifuta mikono kwenye aproni, akamsogelea, akasimama hatua moja mbali naye, umbali aliojiwekea mwenyewe ili asimpake harufu. "Sikiliza. Umesema kesho unatoka na mama yako. Mlete hapa. Mlete saa nne asimame mbele ya kioo. Siku ile alinikuta na mabuti na kofia ya plastiki. Nataka anione majini."

Siku ile ilikuwa miezi miwili nyuma. Mama yake Pezi alipitia jikoni, mkoba umebanwa kwapani, na Magamba alipomnyooshea mkono alisema, "Samahani, binti, mkono wangu nimetoka kuupaka mafuta." Alipofika mlangoni alimwambia mwanawe, wala hakushusha sauti, "Harufu ile haitoki kwa sabuni. Haitoki hata kwa ndoa."

Pezi alisogeza ndoo ya ngisi kwa mguu.

"Mama atakuwepo," alisema.

"Kweli?"

"Saa nne. Atakuwepo."

Magamba alisahau hatua yake moja. Alimkumbatia, mikono yenye maji ya ngisi ameinyoosha mbali nyuma ya mgongo wake, na Pezi akamkumbatia kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzitumia, kama mtu anayeaga. Magamba alizihesabu kuwa nguvu za ahadi.

Jioni ile shangazi yake alimkalisha kwenye kigoda cha bafuni, akamsugua vidole kwa limau, kimoja kimoja.

"Kesho ananitambulisha kwa mama yake, shangazi."

"Amesema hivyo?"

"Amesema mama atakuwepo."

"Sijakuuliza mama atakuwa wapi. Nimekuuliza, amesema anakutambulisha?"

"Shangazi na wewe! Kuna maneno mtu hasemi, unayaelewa tu."

"Mimi kwa umri huu nimeolewa mara mbili," shangazi alisema, akibadilisha nusu ya limau, "na mara zote mbili mwanamume alisema. Aliyetaka kwenda, alisema. Aliyetaka kukaa, alisema kwa kelele zaidi. Asiyesema huyo simjui anataka nini."

"Humpendi tu."

"Nakupenda wewe unayempenda. Basi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nenda kayaoge. Lete mkono mwingine."

Asubuhi, ukingoni mwa tangi kubwa, Mama Mapovu alikagua mikanda yake mara mbili.

"Pazia litakuwa limefungwa. Unavua miwani kabla halijafunguliwa. Nitakushika hapa, juu ya kiwiko. Nikikubana mara moja?"

"Natoa nyonyo, natabasamu kwa hesabu tatu."

"Mara mbili?"

"Narudisha nyonyo, navaa miwani, natoa maji kwa pua."

"Ukiogopa?"

"Nakubana mimi."

"Mbona unachekacheka?"

"Mpenzi wangu analeta mama yake, Mama. Yuko huko nje."

Mama Mapovu alitemea mate ndani ya miwani yake na kuyasugua kwa kidole, maana hiyo ndiyo dawa ya ukungu. "Walio nje ya kioo ni mapambo," alisema. "Mtu wako ni mimi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Hakusikia. Alikuwa ameshafika kule chini kwa mawazo.

Walishuka. Papa wawili walizunguka kwa uvivu wao, wameshiba ngisi aliowakatia mwenyewe jana. Samaki taa, bapa kama mkeka, akapita juu ya vichwa vyao akafunika mwanga kidogo. Mbele, nyuma ya kioo, pazia jekundu lilikuwa limefungwa. Magamba akapiga magoti kwenye mchanga, akalifunua bango na kulisimamisha, maneno yameelekea nje, yeye ameelekea ubao mtupu. Alihisi vidole vya Mama Mapovu vikitulia juu ya kiwiko chake. Akafumba macho. Akavua miwani.

Maji baridi yakampiga usoni. Pua ikataka kufanya ujinga wake. Magamba akaikatalia. Vuta kwa mdomo, toa kwa pua. Moja. Mbili. Moyo ulikuwa unagonga mbavu, halafu, alipofika kumi na mbili, ukapunguza. Alipofika ishirini na tano wekundu uliokuwa mbele ya kope zake ukageuka kuwa weupe. Pazia limefunguliwa. Akajua kwamba kule, hatua tatu tu, amesimama Pezi na mama yake, wakitazama uso wake mtupu, uso wa mtu asiyeogopa.

Mkono ukambana mara moja.

Alitoa nyonyo akatabasamu. Hakutabasamu kwa ajili ya mkurugenzi. Alitabasamu kwa meno yote, kwa mashavu, kwa limau la shangazi na kwa miezi minane. Mama, nitazame. Mimi ndiye yule wa mabuti.

Mkono ukambana tena, na safari hii haukuachia. Ulimbana mpaka ukauma. Haikuwa moja wala mbili, haikuwamo kwenye makubaliano, na Magamba akafikiri Mama Mapovu, ambaye hajui kusifu, leo ameshindwa kujizuia. Akarudisha nyonyo. Akavaa miwani, akaibana kwenye paji la uso, akainua kidevu, akapuliza kwa pua. Maji yakashuka ndani ya kioo cha miwani, kwenye macho, kwenye mashavu, yakaisha. Akafungua macho.

Kwanza alimwona mkurugenzi, anapiga makofi. Halafu mama yake Pezi, amevaa vizuri, anajifuta machozi kwa leso. Halafu Pezi, katika shati la buluu ambalo Magamba alimshonea kifungo cha pili kutoka juu wiki iliyopita. Alikuwa ameshika mkono wa mwanamke mrefu mwenye meno mazuri, na alikuwa anamaliza kuisukuma pete ipite kwenye fundo la kidole.

Mtu anaweza kuona kitu chote na bado akili ikaomba dakika. Magamba alitazama ubao mtupu alioushika. Alijua maneno ya upande wa pili, kila mtu pale aliyajua. Kisha akamtazama Pezi, na Pezi akamwona. Akaangalia viatu vyake.

Mpiga picha alikuwa anapunga mkono. Alionesha bango, akaashiria lishikwe juu, akazungusha kidole hewani: mara ya pili. Chewa mzee wa tangi lile, samaki mkubwa ambaye hakuna siku aliyojali mambo ya watu, alikuwa amepita mbele ya bango akaficha nusu ya maneno. Yule mwanamke akacheka, akajipanga upya, akaegemea bega la Pezi.

Mama Mapovu alimgeuza Magamba kwa mabega. Macho yake nyuma ya miwani yalikuwa mekundu. Alinyoosha dole gumba kuelekea juu: tupande. Haikuwa swali.

Magamba alilitazama lile dole. Juu kulikuwa na hewa, ngazi na taulo. Juu angelia kwa sauti. Na Jumatatu mkurugenzi angeandika kwamba yule wa jikoni alishindwa, na Pezi angetikisa kichwa kwa huruma, aseme, nilimwambia bado hajaiva.

Akakutanisha kidole gumba na cha shahada, duara, alama ya wapiga mbizi ya kusema niko sawa. Hakuwa sawa. Akavua miwani.

Sasa kilio kina tabia moja mbaya: kinavuta kwa pua. Kwikwi ya kwanza ilimjia hata hajafika mbili, maji yakapanda puani. Ukuta wa bwawa dogo ukamrudia, kicheko kile kikamrudia, na miguu ikataka kupiga. Mkono wa Mama Mapovu ulikuwa palepale juu ya kiwiko. Haukubana. Ulikuwepo tu. Tatu. Pua ni mlango wa kutokea. Nne. Akapuliza, mapovu yakampitia kwenye kope, maji yakatoka na kwikwi ikatoka nayo. Akavuta kwa mdomo. Akalia hivyo hivyo, kwa utaratibu, akivuta kwa mdomo na kutoa kwa pua, na kule nje hakuna aliyejua, kwani nani ataona chozi ndani ya maji? Alipofika ishirini hakuwa anaogopa tena. Aliutafuta ule woga wake wa siku zote, hakuuona. Ulikuwa umeondoka, na haukuondoka peke yake.

Mkono ukambana mara moja. Alitoa nyonyo. Hakutabasamu. Alifungua macho, chumvi ikayachoma, na akalitazama doa la buluu lililosimama upande wa kushoto mpaka akamaliza hesabu tatu.

Pezi alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye benchi, nguo ya mpira imeshushwa hadi kiunoni, taulo mabegani. Aliingia kwa mlango wa wafanyakazi na kuuegemea kwa ndani.

"Nilijaribu kukuzuia," alisema. "Jana. Wewe ni shahidi."

Magamba alikuwa anakamua nywele.

"Nilikwambia usiingie."

"Uliniambia nitaogopa."

"Ningekwambiaje? Mama alishapeleka posa kwao, wazee walishakaa, siku ilishapangwa. Kila nikikuangalia usoni nashindwa."

"Kwa hiyo ukangoja nivae miwani."

"Si hivyo."

"Ukangoja niwe mahali ambapo siwezi kujibu. Chini ya maji, Pezi, na kitu mdomoni. Tangu lini?"

Alisugua shavu. "Miezi mitatu. Ni daktari wa meno."

Magamba akaacha kukamua. Miezi mitatu jino lilikuwa linamsumbua Pezi. Miezi mitatu alikuwa anamchemshia maji ya chumvi asukutue, anayapooza kwa kuyamimina kikombe hadi kikombe ili yasimchome. Alitaka kucheka, kikatoka kikohozi.

"Nakuomba kitu kimoja," Pezi alisema, na sauti ile tamu ikarudi, ile ya siku ya gamba la kwenye nyusi. "Yeye hajui kitu. Anataka kukushukuru. Usiseme lolote. Kwa hiki tulichokuwa nacho."

"Tulikuwa na nini?"

Nje sauti ya kike ilikuwa inauliza, kwa furaha, yuko wapi yule msichana wa bango, jamani, asiondoke.

Chumba cha picha kilikuwa karibu na mlango wa kutokea. Picha mbili zilikuwa zimewekwa kwenye kompyuta, kando kwa kando. Mama yake Pezi alikuwa wa kwanza kumwona.

"Ndiye huyu? Njoo, mwanangu, lete mkono." Aliushika kwa mikono yake yote miwili, akaupapasa. "Tazama ulivyo laini. Tazama ulivyo safi! Hawa maji yanawatakasa."

Hakumtambua. Siku ile jikoni aliangalia mabuti, si uso.

"Shikamoo, mama," alisema Magamba.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akupe na wewe wa kwako."

Daktari wa meno alimkumbatia na nywele zake mbichi hivyo hivyo, akalilowesha gauni lake mwenyewe bila kujali. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwamba alikuwa mtu mzuri.

"Mdogo wangu, mimi hata kunawa uso bombani nafumba macho mpaka nasikia kizunguzungu. Wewe umewezaje? Hukuogopa?"

"Mara ya kwanza niliogopa kidogo."

"Na ya pili?"

"Ya pili nilikuwa nimeshaona kila kitu, dada."

Pezi alisimama nyuma yao, mikono mfukoni. Mpiga picha akauliza wanachukua ipi, aikuze.

"Hii ya pili," mama yake Pezi alisema. "Maneno yanasomeka yote. Ile ya kwanza ina lisamaki katikati. Halafu huyu binti amecheka kupita kiasi, utadhani anayeposwa ni yeye."

"Ndiyo maana naipenda, mama," daktari alisema. Alisogea karibu, akagusa kioo cha kompyuta pale penye uso wa Magamba. "Angalia. Sisi wote tumekaa kipicha. Huyu peke yake ndiye amefurahi kweli. Mtu hatujui hata, anafurahi hivi kwa ajili yetu! Nataka hii sebuleni, juu ya meza ya chakula."

"Chukua ya pili," Pezi alisema.

"Kwa nini?"

Pezi alitazama picha ya pili, yale macho mawili yaliyofunguliwa ndani ya maji, akatazama ya kwanza, kisha akatazama pembeni.

"Basi tumuulize mwenyewe," daktari akageuka. "Mdogo wangu, uso ni wako. Tuchukue ipi?"

Magamba alizitazama zote mbili. Hakuwahi kujiona vile. Katika ile ya kwanza alikuwa mzuri, mzuri hasa, na alijua hatatabasamu tena namna hiyo kwa mtu yeyote, wala haikumsikitisha kama alivyotarajia. Akajifunga taulo vizuri mabegani.

"Chukueni ya kwanza, dada," alisema. "Muitundike palepale juu ya meza, penye mwanga." Halafu akamgeukia Pezi, akamnyooshea mkono, na Pezi, kwa kuwa mama yake na mchumba wake walikuwa wanatazama, ikambidi aushike. "Hongera sana, shemeji."